Nati ya Usukani wa Boti Imegoma Kutoka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kubadilisha usukani wa boti ni kazi ya nusu saa: unatoa kifuniko, nati, usukani, basi. Kinachoifanya kazi ya siku mbili ni ile nati ya katikati ikigoma. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudi kila mtu anapokwama hapo.

Jambo moja linapita katika majibu karibu yote, kwa hiyo nalitaja mapema. Kilicho nyuma ya dashibodi, yaani boksi la usukani pamoja na kebo yake au pampu ya haidroliki, ni ghali kuliko nati na usukani vikijumlishwa. Kila unapotaka kuongeza nguvu, jiulize kwanza nguvu hiyo inakwenda kuishia wapi.

Neno "usukani" hapa lina maana ya gurudumu unaloshika mkononi. Ule ulio majini nimeuita usukani wa majini.

## Kabla hujashika spana

1. Sioni nati yoyote. Iko wapi?

Iko chini ya kifuniko cha katikati. Vifuniko vingi vya plastiki vimejibana tu: chukua bisibisi bapa, ivalishe kitambaa, ingiza ukingoni na ubinue kidogo kidogo ukizunguka. Ukilazimisha upande mmoja kitapasuka, hasa kama kimeota jua miaka mingi. Vingine vimeshikwa na skrubu ndogo kwa nyuma, upande unaotazama dashibodi, na mtu asiyechungulia huko huishia kuvunja kitu kilichokuwa kinafunguka kwa bisibisi. Kama katikati kuna swichi ya honi, chomoa betri kabla ya kugusa waya.

Ukishaiona nati, itazame vizuri. Inaweza kuwa nati ya kawaida yenye washa ya springi, nati yenye pete ya nailoni ndani, nati mbili zilizokazwa moja juu ya nyingine, au nati yenye mapengo kama taji iliyopitishiwa spliti pini (pini ya kuizuia isizunguke). Niliwahi kuhangaika robo saa nzima na nati "iliyoganda", kumbe spliti pini bado imo, imefunikwa na grisi kuukuu. Nati mbili nazo zina utaratibu wake: shika ya chini kwa spana bapa nyembamba, fungua ya juu kwanza.

2. Inafunguka kwenda upande gani?

Kinyume cha mwendo wa saa, karibu boti zote. Ukiwa na shaka, angalia thredi zilizochomoza mbele ya nati. Fikiria shafti, yaani mhimili unaobeba usukani, imesimama wima mbele yako: mistari ikipanda kuelekea kulia, ni thredi ya kawaida. Ikipanda kuelekea kushoto, ni ya kinyume na utafungua kwa kufuata saa. Sekunde kumi za kutazama zinakuepusha kuikaza zaidi nati uliyotaka kuilegeza.

3. Nahitaji spana ya ukubwa gani?

Pima nati kutoka ubapa hadi ubapa. Boti nyingi ndogo zina mitambo iliyotengenezwa kwa vipimo vya inchi, na hapo ndipo watu wenye soketi za milimita huharibu nati. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo soketi ya 19 huingia vizuri, pengine kwa kubana kidogo. Inchi 15/16 ni milimita 23.8, na soketi ya 24 inatosha. Lakini inchi 1 na 1/8 ni milimita 28.6, na soketi ya 29 hucheza karibu nusu milimita. Kwenye nati iliyoganda, nusu milimita hiyo ndiyo inayokula pembe. Tafuta soketi ya inchi.

Tumia soketi ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili hushika ncha za nati tu, wakati ya sita hushika ubapa wake. Spana ya kurekebisha iache kwenye boksi la vifaa. Nati ikiwa imezama ndani ya kitovu, yaani sehemu ya katikati ya usukani inayovaa shafti, soketi ndefu ndiyo itakayofika.

4. Nati ni ya stenlesi, haina hata chembe ya kutu. Kwa nini imeganda?

Stenlesi haishiki kutu kirahisi, lakini ina ugonjwa wake. Uso wake unalindwa na utando mwembamba sana wa oksidi. Thredi mbili za stenlesi zikisuguana kavu chini ya mgandamizo, utando huo unakwanguliwa na metali inagusana na metali, kisha zinang'ang'aniana kana kwamba zimechomelewa. Hapo nati inaweza kugoma hata kama ilifungwa jana.

Sababu ya pili ni chumvi. Maji ya bahari yakiingia na kukauka mara mia, chembe za chumvi hujaa kwenye nafasi za thredi. Ya tatu ni ndoa ya metali mbili tofauti: kitovu cha alumini juu ya shafti ya stenlesi, maji ya chumvi katikati, ni sawa na betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Ule unga mweupe unaouona kuzunguka kitovu ndio mabaki yake, na unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, ndiyo maana unabana. Unga huo ukiuona, jiandae pia kwa sehemu ya nne ya ukurasa huu, kwa sababu nati itatoka na usukani utabaki.

5. Boti iwe majini au nchi kavu?

Nchi kavu, juu ya tela, ni bora. Ikibidi iwe majini, iwe imefungwa gatini, injini imezimwa na ufunguo umetolewa. Usifanye kazi hii ukiwa umetia nanga mahali penye mkondo au upepo, kwa kuwa kwa muda fulani hutakuwa na njia ya kuiongoza boti.

## Kuilegeza

6. Nikisukuma spana, usukani nao unazunguka. Nizuie vipi?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu la haraka ambalo kila mtu hupewa ni baya: "Zungusha usukani mpaka mwisho, ukigota, sukuma." Ni kweli nati inaweza kufunguka hivyo. Lakini fuata njia ya nguvu hiyo. Inatoka kwenye nati, inapita kwenye shafti, inaingia kwenye meno ya gia ndani ya boksi na kuishia kwenye kebo iliyogota. Meno yale yametengenezwa kuhimili mikono ya nahodha. Mpini wa nusu mita wenye mtu mzima juu yake ni habari nyingine.

Cha kushikwa ni usukani wenyewe. Usukani umefungwa kwenye shafti kwa kii, kile kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye mfereji kati ya shafti na kitovu. Ukiushika usukani, umeishika shafti, na nguvu yote inazunguka kati ya spana, nati, kii na mikono yako. Ndani ya boksi haiingii kitu.

Njia ninayoipenda haihitaji msaidizi. Geuza usukani hadi spoki moja isimame wima juu. Weka spana kwenye nati mpini wake ukiwa kulia kwa spoki hiyo, umeachana nayo kwa upana wa kiganja hivi. Sasa shika vyote viwili kwa pamoja na uvibane kama unayefumba mkasi. Spana inavutwa kushoto, spoki inavutwa kulia, usukani hauendi popote. Kwa nati ya thredi ya kinyume, weka mpini kushoto.

Kama mikono haitoshi, mweke mtu wa pili upande wa pili wa usukani aushike kwa mikono miwili, au funga spoki kwenye mguu wa kiti kwa mkanda wa mizigo. Wengine hupitisha kipande cha mbao kati ya spoki kikaegemea kiti. Hiyo nayo sawa, mradi mbao iwe karibu na kitovu. Spoki za alumini nyembamba hupinda zikisukumwa ukingoni. Usukani wa zamani unatupwa, kwa hiyo mikwaruzo isikusumbue, lakini usiuvunje kabla hujamaliza kuutumia kama kishikio.

7. Nipake mafuta gani, na nisubiri muda gani?

Tumia mafuta yaliyotengenezwa kupenya kwenye kutu, si mafuta ya injini wala grisi. Kopo la WD-40 la kawaida linasaidia kwa nati iliyoshika kidogo, ila kwa nati sugu mafuta maalumu ya kupenya hufanya kazi vizuri zaidi. Mafundi wengi huchanganya wenyewe asetoni na mafuta ya gia za otomatiki, nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo unapenya sana, lakini asetoni hushika moto upesi na huyeyusha plastiki nyingi na rangi, kwa hiyo weka matone kwa kijiti, usimwage, na zungushia kitambaa.

Kabla ya mafuta, suuza chumvi kwa maji matamu ya uvuguvugu na upige brashi ya waya kwenye thredi zilizo wazi. Mafuta hayayeyushi chumvi, maji ndiyo yanayoiyeyusha. Acha pakauke, kisha paka, gongagonga nati kidogo, paka tena baada ya saa chache, lala, paka asubuhi. Anayepaka na kuvuta spana dakika tano baadaye amepoteza mafuta yake.

Shafti ya usukani imelala au imeinamia kwako, na mafuta hutiririka nje badala ya kuingia ndani. Tengeneza kijibwawa kidogo cha udongo wa kuchezea kuzunguka nati, au bandika pamba iliyolowa na uifunike kwa plastiki.

8. Naweza kurefusha mpini kwa bomba?

Unaweza, ukikumbuka hesabu yake. Ukisukuma kwa nguvu ya kilo 30 kwenye mpini wa nusu mita, unapata kama niutoni-mita 150. Bomba la mita moja linazifanya 300. Nguvu hizo zinatosha kukata thredi au kii. Kwa hiyo bomba litumike tu kama usukani umeshikwa kama ilivyoelezwa kwenye swali la 6, na lisukumwe polepole.

Kabla ya kufungua, jaribu kuikaza nati kidogo tu, kama upana wa ukucha. Inasikika ujinga, lakini kule kusogea kwa upande wowote kunavunja kutu na chumvi. Nati ikishasogea, nenda mbele robo, rudi nyuma kidogo, ongeza mafuta, nenda tena.

9. Mashine ya impakti je?

Kwa boti yenye boksi la gia na kebo, impakti mara nyingi ndiyo salama kuliko bomba. Inapiga mapigo mafupi mengi, na uzito wa usukani wenyewe unatosha kuyapinga, kwa hiyo nguvu kidogo sana inafika nyuma. Shika usukani kwa mkono mmoja, piga mapigo ya sekunde mbili tatu, pumzika, rudia.

Angalizo: nati ya stenlesi juu ya shafti ya stenlesi isifunguliwe yote kwa impakti. Kasi na joto ndivyo vinavyoleta kule kung'ang'aniana kwa swali la 4. Ikishaachia mzunguko wa kwanza, weka mafuta na umalizie kwa mkono. Ukihisi inazidi kuwa nzito kadiri inavyotoka, simama, irudishe ndani, mafuta, subiri. Ila nati ya nailoni huwa nzito kwa kiwango kilekile mpaka mwisho. Huo ni uzito wa pete yake, usikuogopeshe.

10. Nitumie moto?

Anza na maji yanayochemka. Funga kitambaa kizito kuzunguka nati na kitovu, funika dashibodi, mwagia taratibu. Alumini hutanuka kama sehemu 23 kwa milioni za urefu wake kwa kila nyuzi moja ya sentigredi, stenlesi kama 17. Kwa kitovu chenye tundu la milimita 19 kilichopanda nyuzi 80, tofauti haifiki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Ni kidogo, lakini ule unga mweupe ni kitu kikavu kinachovunjika, na mara nyingi kidogo hicho kinatosha. Bunduki ya hewa moto ni hatua inayofuata.

Tochi ya gesi ni ya mwisho, na kwa boti ya petroli mimi siigusi ikiwa tangi lipo karibu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, ambako huuoni wala pengine huunusi. Mafuta ya kupenya uliyopaka jana nayo yanawaka. Nyuma ya dashibodi kuna waya, na kwenye haidroliki kuna sili za mpira. Ikibidi, fungua kila mfuniko, pitisha hewa ya kutosha, futa mafuta yote, weka kizimamoto mkononi, elekeza moto kwenye nati tu kwa muda mfupi na ufungue ikiwa ingali moto. Pete ya nailoni huanza kulegea kwenye nyuzi 120 hivi, na hilo kwa hapa ni faida, maana nati hiyo hutaitumia tena.

11. Nigonge kwa nyundo?

Gonga nati, usigonge shafti. Nyundo nzito ishikwe upande mmoja wa nati, nyingine nyepesi igonge upande wa pili. Mtikisiko unapita kwenye thredi na kuvunja kutu bila kusukuma kitu ndani. Kuigonga shafti kichwani kunapanua ncha yake kama uyoga na kupeleka pigo moja kwa moja kwenye beringi za boksi. Kwa haidroliki, soma swali la 18.

## Nati imeharibika

12. Pembe zimeliwa, soketi inateleza.

Acha hapo hapo, kila mtelezo unazidisha. Kama bado kuna umbo, piga tupa pande mbili zinazotazamana ziwe bapa, kisha shika kwa spana bapa inayobana sawasawa. Kuna pia soketi za kung'olea zenye meno ya mzunguko ndani: unaigonga ikae juu ya nati, inauma zaidi kadiri unavyofungua. Kugonga soketi ndogo kidogo kuliko nati hufanya kazi vilevile, ila pigo linaelekea kwenye shafti, kwa hiyo gonga kwa adabu. Spana ya bomba inafaa ikiwa nati imechomoza vya kutosha.

13. Nati inazunguka, lakini haitoki.

Chora mstari wa kalamu kwenye uso wa shafti na nati, kisha zungusha huku ukitazama.

Shafti ikibaki tuli na nati ikazunguka papo hapo, thredi zimekatika. Ingiza bisibisi mbili bapa nyuma ya washa, zibinue kuvutia kwako, mtu mwingine azungushe. Mara nyingi nati inapata thredi nzima kidogo mbele na kutoka.

Shafti ikizunguka pamoja na nati huku usukani umesimama, kii imekatika. Hii inatisha kuliko nati yenyewe, kwa sababu boti hiyo ilikuwa ikiongozwa kwa msuguano tu. Kushika usukani hakusaidii tena, na kushika shafti kwa koleo kutaharibu thredi. Nenda moja kwa moja swali la 14.

14. Nikate nati vipi bila kuiumiza shafti?

Kifaa safi kuliko vyote ni kipasua nati: pete yenye ncha ya chuma kigumu inayokazwa hadi ubapa mmoja wa nati upasuke. Kinahitaji nafasi kuzunguka nati, na kitovu kilichozama mara nyingi hakitoi nafasi hiyo.

Drili ndiyo inayofuata. Toboa matundu mawili matatu kwenye uso wa nati, sambamba na shafti, katikati ya ubapa na thredi, kisha pasua kilichobaki kwa tindo. Stenlesi inatobolewa polepole: mwendo mdogo, mkandamizo mkubwa, mafuta ya kukatia. Keekee ikizunguka kwa kasi bila kula, sehemu hiyo inakuwa ngumu zaidi na umejiongezea kazi.

Grenda ndogo yenye diski nyembamba ni ya haraka zaidi. Kata ubapa mmoja, acha kama milimita moja kabla ya thredi, ingiza tindo kwenye mkato na uipindue, nati itafunguka kama ganda. Cheche ni moto, kwa hiyo onyo la swali la 10 ni lilelile. Funika pia fiberi yote iliyo karibu kwa kitambaa kilicholowa, maana chembe za chuma zikitua kwenye boti nyeupe, baada ya siku chache utaona madoadoa ya kutu yasiyofutika kirahisi.

15. Nimekwangua thredi za shafti.

Mikwaruzo ya juu husahihishwa kwa tupa ya thredi au dai (kifaa cha kuchongea thredi) ya kipimo sahihi, ikianziwa nyuma kuja mbele kama inawezekana. Ukipoteza thredi moja mbili za mwanzo, nati mpya bado itashika. Zikiwa nyingi zaidi, au shafti imepinda, badilisha boksi zima. Usichomelee nati kwenye shafti ya usukani, hata kama fundi anakuapia kwamba haitatoka.

## Nati imetoka, usukani umebaki

16. Sasa kinachoushika ni nini?

Mchongoko. Shafti nyingi za boti ndogo zina kipenyo cha robo tatu ya inchi na zinachongoka kuja kwako: kila milimita 12 za urefu, kipenyo kinapungua milimita moja. Nati inausukuma usukani kwenye mchongoko huo kama kabari, na kabari ikishaingia haihitaji nati kubaki ilipo. Ongeza chumvi ya miaka kumi juu yake.

17. Niutoeje?

Kwanza, irudishe nati. Ifunge kwa vidole hadi uso wake ulingane na ncha ya shafti, na iache nafasi ya milimita chache kati yake na kitovu. Inalinda thredi, na usukani ukiachia ghafla haukupigi usoni. Watu waliopigwa wapo wengi kuliko wanaokiri.

Kisha tumia pula, kifaa cha skrubu kinachovuta kitu kitoke kwenye shafti. Kama kitovu kina matundu yenye thredi, tumia pula ya boliti, ndiyo inayovuta sawasawa. Kama hakina, tumia ya miguu miwili au mitatu, makucha yake yakishika nyuma ya kitovu, kamwe si spoki wala ukingo. Kaza hadi iwe ngumu, subiri, mwagia kitovu maji ya moto, kaza robo nyingine. Ikiachia hutoa mlio kama wa risasi, usishtuke.

Bila pula, kaa kwenye kiti, weka magoti nyuma ya ukingo wa usukani, vuta kwako huku ukiuyumbisha juu na chini, na mwenzako agonge nyuma ya kitovu kwa nyundo ya mpira kuja kwako. Kwa usukani ambao haukukaa sana, hii inatosha.

18. Boti yangu ni ya haidroliki. Kuna tofauti?

Ipo. Shafti hiyo ni ya pampu, na nyuma yake kuna sili na sehemu zilizosagwa kwa usahihi mkubwa. Watengenezaji wa mitambo hii huonya wazi: pula tu, nyundo hapana. Pigo moja huenda lisionyeshe chochote leo, halafu mwezi ujao ukaona mafuta yanavuja kwenye shafti.

19. Hata pula imeshindwa. Nikate usukani?

Ndiyo, unatupwa hata hivyo. Kata spoki kwanza upate nafasi, kisha kata kitovu kwa urefu juu ya mfereji wa kii, kwani hapo ndipo ukuta wake ni mwembamba na kii iliyo chini inailinda shafti kidogo. Usifike mwisho. Ingiza tindo na upanue.

## Kufunga usukani mpya

20. Usukani wowote utaingia?

Hapana. Linganisha kipenyo cha shafti, mchongoko na upana wa mfereji wa kii. Kisha angalia nafasi: vidole vipite kati ya ukingo na dashibodi, na mkono wa gesi usiguswe. Usukani mkubwa ni mwepesi kuzungusha lakini unatia nguvu zaidi kwenye boksi, kwa hiyo heshimu kipimo cha juu alichoweka mtengenezaji wa boksi.

Ukiupachika bila nati, ncha ya mchongoko ibaki ndani kidogo ya uso wa kitovu. Ikichomoza nje, nati itakaza shafti badala ya usukani, na utaendesha ukiwa na usukani unaocheza ukidhani umekaza sana.

21. Kii imeanguka na siioni.

Itafute ngamani. Aghalabu ina umbo la nusu mwezi na huruka usukani unapoachia. Isipopatikana, nunua ya kipimo kilekile. Msumari uliopigwa bapa haufai, wala usifunge bila kii.

22. Nati ya zamani nairudisha?

Ya nailoni, hapana: pete yake ikishapita kwenye thredi mara moja, mshiko unapungua. Spliti pini nayo iwe mpya. Nati ya kawaida isiyo na jeraha inaweza kurudi pamoja na washa yake, lakini baada ya siku mbili za mateso, nani anataka kuiona tena?

23. Nipake nini isigande tena?

Tandaza safu nyembamba ya grisi ya baharini au dawa ya kuzuia kuganda kwenye thredi na mchongoko, baada ya kuondoa unga wote kwa msasa laini. Chagua yenye nikeli au iliyotengenezwa kwa metali tofauti. Grisi ya shaba iache kama kitovu ni cha alumini, kwani shaba ni mwenzi mwingine wa ile betri ya swali la 4.

24. Nikaze kiasi gani?

Kitabu cha boksi ndicho chenye jibu, na kumbuka thredi yenye grisi hukaza zaidi kwa nguvu ileile. Bila kitabu, tumia spana ya kawaida ya sentimita 20 hadi 25, mkono mmoja, hadi isimame, bila bomba. Usukani ushikwe kama kwenye swali la 6, maana kukaza kunaumiza boksi sawa na kufungua. Thredi moja nzima au zaidi ionekane mbele ya pete ya nailoni. Kisha vuta, sukuma na yumbisha: usisikie kucheza kokote. Zungusha kutoka mwisho hadi mwisho. Baada ya safari ya kwanza, fungua kifuniko ujaribu nati tena.

25. Usukani mpya umekaa kombo.

Kwa shafti ya kii kuna mkao mmoja tu. Kwa mfumo wa kebo, rekebisha kule nyuma kebo inapoungana na injini. Kwa haidroliki usihangaike, katikati yake huhamahama yenyewe ukitumia. Ni shafti ya meno peke yake inayokuruhusu kuchomoa na kusogeza jino moja.

## Hali za pekee

26. Yangu ni mashua ya tanga yenye usukani mkubwa.

Shafti mara nyingi ni nene zaidi, inchi moja ni ya kawaida, na pengine haina mchongoko. Usichanganye nati ya usukani na kitasa cha breki kilicho karibu nayo. Mawimbi yakisukuma usukani wa majini, gurudumu litazunguka lenyewe, kwa hiyo kaza breki kuzuia hilo, lakini usiitegemee kushika nguvu ya spana. Kama mashua inaelea, weka kana ya dharura (mkono wa kugeuzia usukani wa majini) tayari kabla ya kufungua chochote.

27. Usukani wangu unainamishwa.

Utaratibu wa kuinamisha una pini na springi ndogo zisizopenda kupindwa. Ufunge kwenye mkao mmoja, tumia njia ya mkasi ya swali la 6, na usiegemee.

28. Nimejaribu kila kitu.

Toa boksi zima likiwa na usukani wake. Kwenye mifumo mingi ya kebo, ni kutenganisha kebo na kufungua nati chache nyuma ya dashibodi, kisha unaipeleka kazi mezani: jiliwa, presi, mwanga wa kutosha, na petroli haipo karibu. Ukiwa na boksi mkononi, zungusha shafti usikie. Kama inakwaruza au ina kucheza, na kebo inatoka na kutu ya kahawia, nati hiyo imekuonyesha mfumo uliokwisha, na boksi jipya pamoja na kebo yake ndivyo vinunuliwe kabla ya usukani.